Mpiga Picha, Fundi au Msanii? Istilahi za Picha kwa Kisa cha China

Miongoni mwa maneno yanayodhaniwa kuwa mepesi kutafsiri, na ambayo kwa sababu hiyo hayachunguzwi, ni jina la mtu ashikaye kamera. Huyo tumezoea kumwita mpiga picha, basi. Anayetupiga picha ya pasipoti ni mpiga picha. Anayefuatana na bwana harusi ni mpiga picha. Wa gazeti, wa hospitali na wa polisi vilevile. Jina hilo limetutosha muda mrefu, na si nia ya makala haya kuliondoa mahali pake. Nia yetu ni kuonyesha mahali linapoelemewa na mzigo, na kupendekeza maneno ya kulisaidia. Kisa tutakachokitumia kimetoka China, kwa kuwa huko suala lenyewe limezuka kwa uwazi kuliko kwingineko, na kwa kuwa habari zake zimetua katika meza za watafsiri wetu wengi.

Mwezi wa Novemba mwaka 2021, kampuni ya mitindo ya Dior, ya Ufaransa, iliandaa mjini Shanghai maonyesho ya kazi za wasanii waliotakiwa kuutazama, kila mmoja kwa jicho lake, mkoba mashuhuri wa kampuni hiyo. Picha moja ilipigwa na Chen Man, mwanamke mzaliwa wa Beijing, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma nchini mwake na nje. Ilimwonyesha mwanamke aliyevaa vazi la mtindo wa kale, vidole vimevishwa kucha ndefu za pambo, macho yake membamba, uso una madoadoa, na mkoba wa Dior mkononi. Watazamaji wengi wa China walikasirika. Walisema kwamba huyo si mwanamke wa China bali ni mwanamke wa China kama anavyodhaniwa na watu wa Magharibi tangu zama za ukoloni. Gazeti la Beijing Daily likauliza iwapo ndivyo Dior inavyowaona wanawake wa Asia. Picha ikaondolewa. Siku chache baadaye Chen Man aliomba radhi hadharani, akieleza kuwa yeye mwenyewe amezaliwa na kukulia China.

Lililo muhimu kwetu ni jibu la kampuni. Dior ilieleza kwamba picha ile ilikuwa kazi ya sanaa iliyowekwa katika maonyesho, wala haikuwa tangazo la biashara. Msomaji atambue uzito wa jibu hilo. Kampuni haikubishana na watu juu ya macho, kucha wala vazi. Ilibishana juu ya jina. Ilikuwa kama kusema: mkiiita picha hii tangazo, tuna la kujibu mbele yenu, mkiiita sanaa, basi muulizeni msanii.

Mtafsiri wa Kiswahili aliyepewa habari hiyo angefanya nini? Akiandika kwamba picha iliyopigwa na mpiga picha wa China imezua hasira, atakuwa hakukosea hata neno moja, na hata hivyo kiini cha ugomvi kitakuwa kimepotea. Kiswahili chake kitamwambia msomaji kwamba kulikuwa na picha mbaya. Hakitamwambia kwamba pande mbili zilikuwa zikivutana kuhusu aina ya picha, na kwamba lawama ingemwangukia huyu au yule kwa kufuata aina itakayokubaliwa.

Chen Man alizaliwa mwaka 1980. Alisomea upigaji picha katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha China kilichoko Beijing, na kabla hajamaliza masomo, kuanzia mwaka 2003, alikwisha kuanza kutengeneza majalada ya jarida la Vision la Shanghai. Tumesema kutengeneza, hatukusema kupiga, na hilo tutalirudia. Nyuso katika majalada yale zilitoka katika kamera, lakini rangi, ngozi, mwanga na vitu vinavyoelea kandokando vilitoka kwa kiasi kikubwa katika kompyuta, kwa kazi ya siku nyingi. Mwaka 2008 kazi zake zilikuwamo katika maonyesho ya Victoria and Albert Museum, London, yaliyohusu ubunifu wa China ya leo. Mwaka 2012 jarida la i-D la Uingereza lilitoa majalada 12 aliyoyapiga, kila moja likiwa na mwanamke mmoja wa China. Wakati huohuo alikuwa akifanya kazi za kampuni za vipodozi na mavazi. Picha yake moja inaweza kuanza maisha yake kama jalada la jarida la kuuzwa, ikapita katika makumbusho, na ikaishia ukutani kwa tajiri aliyeinunua kama anavyonunua mchoro. Ni picha ileile wakati wote.

Si yeye peke yake. Quentin Shih, mzaliwa wa Tianjin, aliipigia Dior hiyohiyo picha za mwaka 2008 ambamo wanamitindo waliovaa mavazi ya kampuni wamefungiwa katika masanduku ya vioo wakitazamwa na Wachina wa kawaida. Mfululizo wake wa mwaka 2010 ulipingwa kwa hoja inayofanana na ile iliyokuja kumpata Chen Man: mwanamitindo mmoja wa Magharibi amesimama mbele ya safu za Wachina wanaofanana wote kama waliotolewa katika kalibu moja. Hapo pia utetezi ulikuwa kwamba hiyo ni kazi ya msanii.

Wachina wenyewe wana maneno gani? Hapa pana utajiri ambao haifai kuupita haraka. Kichina kina maneno mawili makubwa kwa kazi hii. La kwanza ni zhaoxiang, ambalo kwa sehemu zake lina maana ya kumulika sura. Ni neno la mtaani na la dukani: studio ya kupigia picha za familia, za arusi na za vitambulisho huitwa zhaoxiangguan, na hiyo guan ya mwisho ni ileile ipatikanayo katika jina la hoteli ya chakula. La pili ni sheying, yaani kunasa kivuli. Hili ndilo lililoshikwa na vyama, vyuo na majarida. Ndilo neno la wasomi. Mswahili anayesoma haya atakumbuka kwamba nasi tuna neno kivuli, lakini hatukulitumia kwa kazi hiyo. Tulichukua picha kutoka Kiingereza na tukaliunganisha na kitenzi piga, mtumwa wetu wa kazi zote, apigaye simu, pasi, chapa na deki.

Kisha Kichina hugawanya tena. Mwenye kazi ya sheying anaweza kuitwa sheyingshi au sheyingjia. Kiambishi shi ni bwana wa kazi, mjuzi aliyehitimu: kimo katika jina la mwalimu, la mwanasheria na la mpishi. Kiambishi jia kwa asili ni nyumba au ukoo, na humtaja mtu aliyekubaliwa kuwa wa nyumba fulani ya elimu au sanaa: kimo katika jina la mchoraji na la mwandishi wa vitabu. Mtu hujifanya sheyingshi kwa kujifunza na kupata wateja. Kuwa sheyingjia humhitaji akubaliwe na wengine. Magazeti ya China humwita Chen Man mara nyingi sheyingshi, pamoja na makumbusho yote aliyoingia. Kama Dior ilitaka watu waione picha yake kuwa sanaa, basi lugha ya watazamaji ilikuwa imekwisha kumweka mahali pengine.

Mtu aliyeitwa sheyingjia bila ya ubishi ni Lang Jingshan, naye hakuwa mgeni wa biashara hata kidogo. Alizaliwa mwaka 1892 katika mkoa wa Jiangsu, akajifunza kamera akiwa mwanafunzi mjini Shanghai, na kazi yake ya kwanza ilikuwa katika idara ya matangazo ya gazeti la Shenbao. Alifanya biashara ya matangazo. Baadaye, katika miaka ya 1920, akawa miongoni mwa wapiga picha wa kwanza wa magazeti nchini China. Mwaka 1928 aliungana na wenzake kuanzisha chama cha wapiga picha mjini Shanghai. Sifa yake kubwa, lakini, inatokana na picha alizozianza katika miaka ya 1930 na kuziita jijin. Alichukua filamu kadhaa zilizokwisha kusafishwa, mlima kutoka moja, mti kutoka nyingine, mashua kutoka ya tatu, akaziunganisha katika chumba cha giza juu ya karatasi moja hadi zikatoa mandhari mithili ya mchoro wa wino wa mabwana wa kale. Ukungu uliachwa kati ya mlima na mti ili kuficha kiungo. Picha yake ya miti ya majira ya kuchipua chini ya vilele, ya mwaka 1934, ilikubaliwa katika maonyesho ya Uingereza. Mwaka 1949 alihamia Taiwan, akafariki Taipei mwaka 1995.

Jina jijin linastahili kuigwa kwa werevu wake. Maana yake ni kukusanya zari, yaani kuokota vipande bora vya kitambaa cha thamani na kuviweka pamoja. Mwenye kulisikia haelewi kwamba amedanganywa. Anaelewa kwamba ameandaliwa kilicho bora. Lang hakuficha njia yake, bali aliandika kuieleza, na akaitetea kwa kanuni sita za uchoraji zilizowekwa na Xie He katika karne ya 6. Hoja yake ilikuwa kwamba mchoraji wa China hakulazimika kamwe kusimama mahali pamoja na kuchora alichokiona kwa mara moja. Kwa nini basi mwenye kamera alazimike? Kwa picha za namna hiyo tunapendekeza istilahi picha ya kuunga. Fundi wa mbao huunga, mshonaji huunga, na kiungo cha samaki mchuzini nacho kimo katika ukoo huo wa maneno. Hakuna Mswahili atakayetatizika.

Tumesogea sasa mpaka mahali penyewe pa shida, nalo ni neno sanaa. Watafsiri wengi hudhani kwamba tofauti ya sanaa na biashara ni tofauti ya asili, na kwamba Kiswahili kina upungufu kwa kutokuwa nayo wazi. Historia ya neno inasema vingine. Sanaa limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kutengeneza kwa ustadi, na katika Kiarabu cha leo tawi mojawapo la shina hilo ndilo linalotumika kwa viwanda. Kwa sanaa ya michoro na muziki Waarabu hutumia fann, neno ambalo sisi tulilipokea kama fani na kulipa kazi nyingine. (Sanifu, ijapokuwa linafanana, limetoka katika shina jingine, la kupanga na kuainisha, tunalitaja kwa kuwa kosa la kuyachanganya hutokea mara kwa mara.) Kwa hiyo sanaa ya Mswahili wa pwani ilikuwa ya mchonga milango, mfua fedha na mshona kofia kwa pamoja. Milango ya Lamu na Unguja iliagizwa na wenye nyumba na ikalipiwa, na hakuna aliyesema kwamba malipo yameiondoa katika sanaa. Hata leo istilahi yetu ya uchoraji na uchongaji ni sanaa za ufundi, ambamo maneno mawili yanayogombana kwingineko yamelala kitanda kimoja.

Hii ni nguvu, si udhaifu, lakini inamtaka mtafsiri asiazime ugomvi bila ya kuueleza. Istilahi sanaa nzuri, ambayo imeanza kuonekana katika baadhi ya tafsiri, haifai. Humfanya msomaji aulize sanaa mbaya ni ipi, na haisemi jambo lolote kuhusu fedha wala mteja, ambavyo ndivyo vinavyozungumzwa. Kadhalika picha ya biashara ina utata. Picha ya pasipoti ni ya biashara, maadam inalipiwa. Picha ya sabuni katika bango ni ya biashara. Na picha ya Lang inayouzwa kwa mnada ni ya biashara kuliko zote. Neno likibeba mambo matatu yasiyofanana, halijabeba hata moja.

Rai yetu ni kwamba pasiwepo majozi ya sanaa na biashara, bali mtafsiri aulize mambo matatu kisha ayataje. La kwanza ni nani aliyeitaka picha: kama mtu mwingine aliitaka na kuilipia kabla haijapigwa, hiyo ni picha ya kuagizwa, kama mpiga picha aliipiga kwa hiari yake, ni picha ya hiari. La pili ni kazi yake: ikiwa inamwita mtazamaji anunue kitu, ni picha ya matangazo. La tatu ni mahali ilipowekwa, na hapa picha ya maonyesho inatosha. Majina haya hayafukuzani. Picha iliyogombaniwa Shanghai ilikuwa ya kuagizwa na vilevile ya maonyesho. Swali lililobaki ni iwapo ilikuwa ya matangazo pia. Kwa maoni ya mwandishi ilikuwa, kwani maonyesho yaliyoandaliwa na mwenye mkoba, kuhusu mkoba, hayawezi kuacha kuuita mkoba ununuliwe. Anayekataa ana haki ya kukataa, lakini angalau tutakuwa tunabishana juu ya jambo linaloonekana, wala si juu ya neno kubwa ambalo kila upande unalivuta kwake.

Watumishi wa serikali wanaoshughulikia hakimiliki wasidhani kwamba haya ni mazungumzo ya wapenzi wa picha tu. Mkataba wa Berne, kama ulivyorekebishwa Paris mwaka 1971, huzilinda kazi za fasihi na sanaa kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini picha za kamera zimewekwa kando, pamoja na sanaa tumizi, na nchi zikaruhusiwa kuzipa muda mfupi zaidi, mradi usipungue miaka 25 tangu kazi kufanywa. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Mkataba mwingine wa dunia kuhusu hakimiliki, wa mwaka 1996, uliwataka wanaoufuata waondoe tofauti hiyo kwa picha. Kwa miaka mingi basi mchoraji wa mlima na mpiga picha wa mlima hawakuwa sawa mbele ya sheria. Mtu anayetafsiri vifungu hivyo akaandika picha pasipo kusema ni ya kamera au ya kuchorwa, anaweza kumpunguzia mtu haki yake kwa miaka mingi. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba katika maandishi ya sheria iandikwe picha ya kamera na picha ya kuchora kwa ukamilifu, hata kama sikio litalalamika.

Tuliahidi kurudia suala la kutengeneza. Kupiga ni tendo la mara moja: mtu hupiga, ikawa. Kwa Lang kazi ilianza baada ya kupiga, na kwa Chen Man vivyo hivyo, chumba cha giza kikiwa kimebadilika kuwa kompyuta. Tendo hilo la baadaye tuliiteje? Wapo wanaoandika kusafisha picha. Hapana budi waache, kwa sababu katika studio zetu zote, tangu enzi za filamu, kusafisha picha ni kuitoa picha katika filamu na kuiweka katika karatasi. Mteja aliyepeleka filamu yake kusafishwa hakuomba aondolewe makunyanzi. Wengine huandika kughushi, nalo ni kali mno. Ni neno la mahakamani, na humhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Tunapendekeza kuhariri picha kwa kila badiliko linalofanywa baada ya kupiga, kama vile mwandishi ahaririwavyo bila ya kuitwa mwongo, na kughushi libaki kwa mtu aliyebadilisha picha kwa nia ya kudanganya.

Kuhusu mwenye kazi, mpiga picha abaki kuwa jina la jumla. Fundi picha, ambalo husikika hapa na pale, lina heshima yake na lingeweza kusimama mahali pa shi, lakini tunachelea kwamba wengi watalielewa kuwa ni mtengeneza kamera. Msanii wa picha litumike pale ambapo chanzo chenyewe kimemwita hivyo, au ambapo kazi zake za hiari ndizo zinazozungumzwa. Mtafsiri asilitoe kama zawadi. Kwa wenye kazi mbili, kama Chen Man, iandikwe mpiga picha, kisha kazi zenyewe zitajwe.

Chini ya picha ile ya Shanghai, kwa hiyo, gazeti la Kiswahili lingeandika hivi: Picha ya Chen Man iliyoagizwa na Dior kwa maonyesho yake ya Shanghai, Novemba 2021, kampuni yasema si ya matangazo.